Tusiongeze Moto Kabla ya Kutafuta Kinachokwama



Tafakari ya juma hili inahusu chombo ambacho pengine wengi wenu hamjapata kukiona: injini ndogo ya treni ya mvuke, inayoweza kubebwa kwa mikono miwili, na inayouzwa ikiwa vipande ndani ya sanduku ili mnunuzi aiunge mwenyewe. Huko Uingereza wapo watu wazima wanaotumia jioni zao, kwa majuma au hata miezi, kuiunga injini ya namna hiyo. Si kitu cha kuchezea cha plastiki, wala si pambo la kabatini. Ina boila ya shaba na moto wa kweli. Hunywa maji, hutoa mvuke, na huvuta mabehewa yake bustanini kama vile injini kubwa zilivyovuta mizigo relini.

Mtu anaweza kuuliza: mambo haya yatatufaa nini? Maoni yangu ni kwamba kazi hii inafundisha jambo moja ambalo jamii yetu inalihitaji mno, nalo ni hili: chombo kinachokwama hakiponywi kwa kuongezewa nguvu. Kwanza hutafutwa mahali kinapokwama. Naomba mnivumilie niieleze kazi yenyewe kwa kirefu, kwa maana somo limo ndani ya kazi hiyo, na asiyeifahamu kazi hataliona somo.

Tuanze na vipimo. Katika mtindo mmoja unaopendwa sana Uingereza, kila futi moja ya injini halisi huwakilishwa na milimita 16. Maana yake ni kwamba modeli ni ndogo takriban mara 19 kuliko injini yenyewe. Reli yake ina upana wa milimita 32, ikiwakilisha zile reli nyembamba za futi 2 zilizotumika katika machimbo ya mawe, migodini na mashambani. Kampuni ya Roundhouse ya Doncaster, iliyoanza katika miaka ya 1980, ni mojawapo ya zilizojipatia jina kwa seti za namna hii. Kwa kawaida boila huja ikiwa imekwisha kuungwa na kupimwa, kwa sababu hiyo si kazi ya kubahatisha. Vinginevyo vyote, yaani fremu, magurudumu, silinda, pistoni, vali, fito na skurubu ndogo ndogo nyingi, ni juu ya mjenzi. Vifaa anavyohitaji si vingi: bisibisi, spana ndogo, koleo, tupa laini, na taa yenye mwanga wa kutosha.

Hatua ya kwanza ni fremu. Wenye uzoefu hupenda kuiunga juu ya kipande cha kioo kinene, kwa kuwa kioo hakidanganyi. Fremu iliyopinda hata kidogo itayumba juu yake kama meza yenye mguu mmoja mfupi. Mjenzi mwenye pupa hukaza skurubu zote na kusema itajinyosha yenyewe mbele ya safari. Haitajinyosha. Upotovu uliofungiwa katika fremu utajitokeza tena katika ekseli, katika fito, na mwishowe katika mwendo mzima wa injini.

Hatua ya pili ni magurudumu na fito zake. Magurudumu ya upande mmoja huunganishwa kwa ufito ili yazunguke pamoja. Lakini ufito wa kulia na ule wa kushoto haviwi katika nafasi moja. Hupishana kwa robo ya mzunguko, yaani nyuzi 90. Mwendesha baiskeli ataelewa sababu yake. Pedeli zikiwa wima, moja juu kabisa na nyingine chini kabisa, ni vigumu kuanza safari hata ukikanyaga kwa uzito wako wote. Ndivyo ilivyo kwa pistoni inapofika mwisho wa silinda: kwa nukta hiyo haina uwezo wa kusukuma gurudumu. Kwa hiyo, kwa kupishanisha pande mbili kwa robo ya mzunguko, upande mmoja unapokuwa hauna nguvu, mwenzake huwa katika nguvu zake kamili. Pembe hiyo isipokuwa sawa kwenye ekseli zote, fito zitavutana zenyewe kwa zenyewe.

Sasa tunafika kwenye jaribio ambalo kwangu mimi ndilo kiini cha jambo. Kabla ya kuunganisha pistoni, kabla ya maji na kabla ya moto, mjenzi huisukuma injini kwa kidole kimoja tu. Magurudumu yanapaswa kuzunguka kwa wepesi duara zima. Mara nyingi hayafanyi hivyo. Huzunguka vizuri, kisha hufika mahali fulani na kuwa mazito, kisha huwa mepesi tena. Kidole ndicho hugundua uzito huo, kwa maana jicho halioni kitu. Hapo mjenzi huvua fito moja moja, huweka alama mahali panapokwama, huzungusha tena, huchunguza kama tatizo ni pembe ya gurudumu, au ekseli iliyokaa upande, au tundu la ufito lililo mbali au karibu kupita kiasi kwa unywele mmoja. Akishajua, hulipanua tundu hilo kwa tupa, kidogo sana, kisha hujaribu tena. Akizidisha, ufito utacheza na kugonga. Hivyo huenda hatua kwa hatua mpaka kidole kisihisi tena kizuizi.

Kuna njia nyingine, nayo ndiyo kishawishi cha wanaoanza. Waweza kuliacha lile tatizo, ukaunga kila kitu, ukawasha moto na kuacha shinikizo la mvuke lipande. Nyingi za injini hizi hufanya kazi kwa shinikizo la takriban paundi 40 kwa kila inchi ya mraba, ambalo linazidi kidogo upepo wa tairi la gari dogo. Shinikizo hilo linatosha kabisa kuilazimisha injini ipite pale inapokwama. Itakwenda! Watazamaji watashangilia. Lakini itakwenda kwa kujitafuna. Kila mzunguko, chuma kitakwaruza chuma mahali palepale, pini zitalika, matundu yatakuwa mapana, na moto mwingi utaliwa kwa kazi ndogo. Ubaya wa nguvu ni kwamba huificha kasoro. Injini ikipungukiwa na mvuke ndipo kasoro hujionyesha tena, na safari hii ikiwa kubwa kuliko mwanzo.

Baada ya kuunga, kazi ya kurekebisha kwa uangalifu ndiyo huanza hasa, na wengi hudhani imekwisha. Kila silinda ina vali inayoteleza mbele na nyuma, ikiruhusu mvuke uingie upande huu wa pistoni, kisha upande ule. Vali ikifungua mapema upande mmoja na kuchelewa upande wa pili, injini itachechemea. Mjenzi huirekebisha kwa skurubu ndogo. Ikiwa skurubu hiyo ni ya milimita 2 ya kawaida, mzunguko wake mmoja kamili huisogeza vali kwa milimita 0.4, robo ya mzunguko ni milimita 0.1, unene wa karatasi moja tu. Na robo hiyo husikika! Injini yenye silinda mbili hutoa pumzi nne kwa kila mzunguko wa gurudumu. Pumzi hizo zikilingana, vali zimekaa vizuri. Moja ikiwa dhaifu au ikichelewa, sikio litaijua kabla ya jicho. Ndiyo maana wengi huijaribu kwanza kwa upepo wa pampu, kwa shinikizo dogo kabisa, wakisikiliza. Injini iliyorekebishwa vema itazunguka kwa upepo hafifu sana. Iliyokosewa hudai upepo mwingi.

Kisha huja mvuke wenyewe, nao una tabia zake. Chini ya shinikizo la paundi 40 maji hayachemki kwenye nyuzi 100 za Selsiasi tulizofundishwa shuleni, bali karibu na nyuzi 140. Mafuta mepesi ya kawaida huoshwa upesi na mvuke wa joto hilo, kwa hiyo hutumika oili nzito maalumu, iliyowekwa ndani ya kichupa kidogo cha chuma kando ya bomba la mvuke. Mvuke kidogo huingia humo na kugeuka maji. Maji, kwa kuwa ni mazito kuliko oili, huzama chini na kuiinua oili, nayo huchuruzika tone kwa tone kuelekea kwenye silinda. Hakuna pampu wala mkono wa mtu. Katika saa za kwanza injini huendeshwa polepole, bila mzigo mkubwa, ili sehemu zake zizoeane. Baada ya hapo hukaguliwa upya, kwa sababu skurubu zilizokuwa zimekaza huenda zimelegea, na vali iliyokuwa sawa ikiwa baridi huenda imesogea kidogo ilipopata joto.

Katika jambo la usalama hakuna mzaha. Boila mpya hupimwa kwa maji baridi kwa shinikizo mara mbili ya lile la kazi. Hutumika maji na si hewa, kwa sababu maji hayabanwi. Boila ikishindwa, maji huvuja tu, lakini hewa iliyobanwa ingelipuka. Juu ya boila kuna vali ya usalama inayofunguka yenyewe shinikizo likizidi. Hupiga kelele, hutoa mvuke, na humkera anayetaka injini ikimbie. Mwaka 1831 huko South Carolina, Marekani, injini iliyoitwa Best Friend of Charleston ililipuka. Kwa mujibu wa simulizi zilizobaki, mtu aliyekuwa akitunza moto alichoshwa na mlio wa vali ya usalama, akaizuia isitoe mvuke. Kelele ilinyamaza kwa muda, kisha boila ikapasuka. Ni mara ngapi nasi, wapendwa, tumeinyamazisha sauti inayotuonya badala ya kuuliza kwa nini inalia?

Msidhani kwamba habari za modeli ni habari ndogo. Mojawapo ya mageuzi makubwa katika historia ya mashine lilianzia kwenye modeli iliyokataa kwenda vizuri. Katika majira ya baridi ya mwaka 1763 kuelekea 1764, kijana fundi wa vyombo vya kupimia katika Chuo Kikuu cha Glasgow, James Watt, alipewa kutengeneza modeli ya injini ya Newcomen iliyotumika kufundishia. Silinda yake ilikuwa na kipenyo cha inchi 2 tu. Modeli hiyo ilikuwa imekwisha kupelekwa London kwa fundi mwingine. Watt aliitengeneza ikaenda, lakini baada ya mapigo machache ilisimama kwa kuishiwa mvuke, ingawa boila ilionekana kubwa ya kutosha.

Hapa ndipo njia mbili zinapoachana. Fundi wa kawaida angeongeza moto. Watt aliuliza mvuke unapotelea wapi. Alipima, akapima tena, akagundua kwamba katika kila pigo silinda ilimwagiwa maji baridi ili mvuke ugeuke maji, kisha mvuke mpya ulitumika kwanza kuipasha upya silinda ileile iliyopozwa. Sehemu kubwa ya moto ilikuwa ikipotea katika kupasha na kupoza chuma. Modeli, kwa udogo wake, iliionyesha kasoro hiyo waziwazi kuliko injini kubwa, kwa kuwa katika kitu kidogo uso wa chuma ni mwingi ukilinganisha na mvuke uliomo ndani. Jibu lilimjia mwaka 1765: mvuke upozwe katika chombo cha pembeni, silinda yenyewe ibaki moto daima. Kwa kumbukumbu aliyoisimulia uzeeni, wazo hilo lilimjia akitembea siku ya Sabato katika uwanja wa Glasgow Green, na kwa kuiheshimu siku hiyo hakugusa kazi mpaka kesho yake. Hati ya kulinda uvumbuzi wake aliipata mwaka 1769, na injini zake za kwanza za kazi zilianza mwaka 1776. Modeli ile ingali imehifadhiwa katika makumbusho ya Hunterian ya chuo hicho.

Afrika Mashariki nayo ilikuwa na masikio ya namna hiyo. Lugha yetu yenyewe inakumbuka, maana twasema gari la moshi hata pale ambapo moshi umekwisha kutoweka. Mnamo miaka ya 1955 na 1956 kiwanda cha Beyer Peacock cha Manchester kilitengeneza injini 34 za daraja la 59 kwa ajili ya reli ya Afrika Mashariki, kila moja ikiwa na uzito wa takriban tani 250, zikapewa majina ya milima yetu. Mojawapo, yenye jina la Mlima Gelai wa kaskazini mwa Tanzania, imehifadhiwa katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi. Injini kubwa kiasi hicho, kama ile ya kubebwa mikononi, ilihitaji vali zilizokaa sawa, fito zisizokwama, na mtu anayesikiliza pumzi zake. Mafundi wa karakana walikuwa na ujuzi ambao haukuandikwa wote katika vitabu. Wengi wao wametangulia mbele ya haki, na ujuzi wao pamoja nao. Hilo ni jambo la kusikitisha.

Najua hoja itakayotolewa. Hayo, mtasema, ni mambo ya wenye fedha na wenye muda. Ni kweli kwamba seti hizi ni ghali, na simshauri mzazi yeyote aache ada ya shule ili anunue injini ya kuchezea. Wengine watasema hayamhusu mtu wa altare. Lakini Wilbert Awdry, mchungaji wa Kianglikana, alimtengenezea mwanawe injini ya mbao, na hadithi alizomsimulia zikachapishwa kuanzia mwaka 1945 na kupendwa na watoto wa dunia nzima. Hakuna ubaya katika mikono yenye mafuta. Tena somo hili halihitaji sanduku kutoka Uingereza. Baiskeli iliyochakaa, cherehani ya bibi, redio iliyonyamaza, vyote vinaweza kumfundisha kijana kutafuta kinachokwama, ikiwa tu atapewa ruhusa ya kuvifungua na mtu mzima mvumilivu wa kukaa kando yake.

Hapo ndipo penye shida yetu. Sisi ni watu wa kuongeza moto. Mtoto akishindwa hesabu, tunaongeza viboko, au tunaongeza masomo ya ziada ya jioni. Lakini mtoto asiyeuona ubao vizuri hatafaulu kwa kuongezewa viboko. Anahitaji mtu wa kugundua kwamba haoni. Kijana akizembea kazini, tunaongeza karipio. Nyumba ikikosa amani, anayeweza kupaza sauti huipaza zaidi. Na mara nyingi, ndugu zangu, huonekana kana kwamba tumefaulu! Mtoto hukariri, kijana hunyenyekea, nyumba hunyamaza. Injini inakwenda. Lakini ndani chuma kinatafuna chuma, na siku shinikizo litakapopungua, mtoto akiwa mbali nasi au kijana akiwa hana msimamizi, tutaona jinsi kasoro ilivyokua gizani.

Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Nakubaliana nao, ila naomba niongeze jambo moja. Upole peke yake hautoshi, kwa maana mtu aweza kwenda polepole miaka mingi na asiangalie kitu. Mjenzi wa injini hasifiwi kwa kukawia kwake. Husifiwa kwa kuwa hakukubali kuendelea mpaka ajue ni wapi na kwa nini. Subira yake ina kazi ya kufanya: huvua, hupima, hujaribu, husikiliza, hurudia.

Basi ombi langu ni dogo. Juma hili, kila mmoja achague kitu kimoja kinachokwenda kwa kulazimishwa nyumbani kwake au kazini kwake. Kabla ya kuongeza neno kali, au amri mpya, au adhabu, aondoe kwanza mvuke. Akizungushe kwa kidole kimoja, polepole, mpaka ahisi panapokuwa pazito. Pakishajulikana, huenda robo ya mzunguko ikatosha.